Mafuta ya Siku Mia na Arobaini

Simu iliita saa tatu kasorobo asubuhi, Bi Senti akiwa amefika ukurasa wa sitini na mbili.

Hilo halikuwa jina lake, bali ndilo alilobandikwa na wenzake tangu mwaka ule alipomfikisha meneja wa benki gerezani kwa kufuata senti thelathini zilizokosa pa kwenda. Alikuwa inspekta wa kitengo cha makosa ya fedha, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutafutia huo wa kwanza. Mbele yake mezani palikuwa na vitabu vitatu vya taarifa za fedha za kampuni kubwa ya mafuta, kimoja kwa kila mwaka, vyenye majalada ya kung'aa na picha za wafanyakazi wanaocheka chini ya helmeti.

Wiki mbili zilizopita, mmoja wa wafanyakazi hao alikuwa ameanguka kutoka juu ya tangi namba tisa, mita kumi na nne hadi chini kwenye zege. Alikuwa mpimaji wa matangi, kazini miaka thelathini na mmoja, na kila mtu alimwita Mzee Timazi kwa sababu ya ile timazi ya shaba aliyoishusha matangini, kwenye ncha ya utepe wa kupimia, kila siku ya maisha yake. Askari wa zamu waliandika kwamba aliteleza. Faili lingefungwa, lakini siku mbili kabla ya kufa mzee huyo alipiga simu kituoni kuomba aonane na "mtu anayejua hesabu." Alipoulizwa hesabu za nini, akakata.

Bi Senti alinyanyua simu huku kidole kikiwa bado kwenye ukurasa.

"Shikamoo," ilisema sauti ya mwanamume, ya upole kabisa.

"Marahaba. Naongea na nani?"

"Mama yako ni wa nne kwenye foleni ya presha. Kafunga kitambaa cha zambarau. Leo pale wanakwenda polepole, maskini."

Simu ikakatika.

 Alimpigia mama yake, akakosea namba, akapiga tena.

"Mama, uko wapi?"

"Jumatano mimi huwa wapi? Niko kliniki."

"Wa ngapi?"

"Wa ngapi nini?"

"Kwenye foleni, mama!"

"Wa tatu. Nilikuwa wa nne, mmoja kaitwa sasa hivi. Mbona unahema hivyo?"

"Umefunga kitambaa gani?"

"Cha zambarau. Wewe, umekunywa chai leo?"

Bi Senti alifumba macho. "Usitoke hapo ulipo. Mdogo wangu anakuja kukuchukua."

Mdogo wake alikuwa fundi wa mafriji, na karakana yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kliniki. "Dada, nina friji ya mtu hapa nimeifungua yote," alianza.

"Iache wazi. Kamchukue mama, mpeleke kwa shangazi, ukae naye humo ndani mpaka nikupigie."

Hakuuliza. Kwa miaka yote dada yake alikuwa hajawahi kumsemesha kwa sauti ile.

Dakika ishirini baadaye ukaingia ujumbe kwamba wako njiani, na mama anagombana kwa sababu alikuwa amebakiza mtu mmoja tu. Hapo ndipo Bi Senti alipogundua kwamba amekunja kona ya ukurasa wa sitini na mbili mpaka imekatika.

*

Mkuu wake wa kazi, ambaye wote walimwita Afande na basi, alifunga mlango na kusimama mbele yake.

"Nikutoe kwenye faili hili?"

"Hapana. Nataka amri ya mahakama ya kupima matangi. Leo."

"Jana ulikuwa unaniambia habari za wadaiwa."

Ni kweli. Siku tatu nzima alikuwa ameshika njia isiyo yake. Aliona kwamba wateja wanaodaiwa na kampuni wameongezeka, na kwamba theluthi ya deni iko kwa shirika moja la ndege, akaamini kwamba shirika hilo ni jina tu kwenye karatasi. Alikwenda mpaka ofisini kwao. Akakuta ndege za kweli, stakabadhi za kweli, na mhasibu mwenye haya aliyekiri kwamba wao hulipa kwa kuchelewa tangu enzi na enzi.

"Nilikosea," alisema. "Si wadaiwa. Ni mafuta yenyewe."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyefeli hesabu. Maana nilifeli."

Bi Senti alivigeuza vitabu vyote vitatu vimwelekee. Sauti yake ilianza kutulia. Tarakimu zilikuwa na tabia ya kumtuliza.

"Chukua thamani ya mafuta yaliyokuwa matangini siku ya kufunga mwaka. Gawanya kwa gharama ya mafuta wanayouza kwa siku moja. Unapata siku ambazo wangeendelea kuuza hata kama meli mpya isingeingia. Kitabu cha kwanza, milioni mia nne na hamsini kwa milioni kumi. Siku arobaini na tano, sawa na kampuni nyingine yoyote. Kitabu cha pili, siku themanini. Kitabu cha tatu, bilioni moja na milioni mia sita themanini, kwa milioni kumi na mbili kwa siku."

"Inakuja ngapi?"

"Mia na arobaini."

"Si vizuri? Wana akiba."

"Afande, wanakopa kununua mafuta hayo. Kila siku yanayolala, riba inakula. Nani anayelaza mafuta ya miezi minne na nusu?" Akafungua ukurasa mwingine. "Halafu tazama hapa. Mali za muda mfupi ukizigawa kwa madeni ya muda mfupi unapata moja nukta nane. Benki ikiona uwiano huo inakukaribisha kwa soda. Lakini yatoe mafuta kwenye hesabu, unabaki na nukta sita. Yaani kampuni nzima imesimama juu ya mafuta yale. Na yamewekwa rehani kwenye benki mbili."

Afande alikaa.

"Kuna moja tena," Bi Senti alisema. "Bima. Mafuta yameongezeka karibu mara nne kwa miaka miwili. Bima ya mafuta hayo ilikuwa milioni sita, ikabaki milioni sita, mwaka jana ikashuka ikawa milioni tano na nusu."

"Wamesahau kuongeza?"

"Au wanajua hakuna cha kuungua."

Afande alitazama mlango uliofungwa, kisha simu ya mezani. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa chini. "Amri utaipata kabla ya saa saba mchana. Lakini aliyesaini vitabu hivi ni nani?"

*

Mkaguzi wa hesabu wa nje alikuwa na ofisi yenye zulia nene na jina lake limeandikwa mlangoni kwa dhahabu. Pazia lilikuwa limefungwa, ingawa jua lilikuwa la saa nne. Alikuwa mzee mnene mwenye magoti mabovu, na alikuwa na glasi ya maji ambayo kila akiinyanyua aliirudisha mezani bila kunywa.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Mafuta haya uliyaona?"

"Niliyaona, mama. Sikutuma mtu. Nilipanda matangi yote kumi na mawili mimi mwenyewe, kwa magoti haya." Akafungua droo na kumtolea bahasha ya picha. "Tazama."

Bi Senti alizitazama moja moja. Utepe wa chuma ukishuka kwenye tundu la tangi. Utepe ukipanda, umelowa dizeli hadi alama ya juu kabisa. Tangi la kwanza, la pili, la tisa. Yote yalikuwa yamejaa. Picha zilikuwa na tarehe, saa, na kivuli cha tumbo la Mkaguzi mwenyewe.

Kila alichomweleza Afande asubuhi ile kilianza kumomonyoka. Mafuta yalikuwepo.

"Nani alishusha utepe?"

"Yule marehemu. Mzee Timazi."

"Na nani mwingine alikuwepo?"

"Mkuu wa Fedha wa kampuni. Alinifuata tangi kwa tangi, ananishika mkono kwenye ngazi. Mtu muungwana."

"Mzee Timazi alikwambia nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa mtu wa kimya." Mkaguzi alisita. "Aliniuliza jambo moja tu, pale juu ya tangi namba tisa. Aliniuliza kama nimekuja na dawa. Nikadhani ananihurumia magoti. Nikamwambia dawa nimeiacha nyumbani. Mkuu wa Fedha akacheka sana, na mimi nikacheka."

"Na yeye?"

"Hakucheka."

Bi Senti aliandika neno lile kwenye daftari lake, dawa, bila kujua ni la nini. Alipokuwa anainuka Mkaguzi alimshika kiwiko cha mkono, mzee mzima, kama mtu anayezama.

"Jana jioni walinipigia. Wakanitajia rangi ya geti la nyumbani kwa binti yangu. Basi. Rangi tu, kisha wakakata." Glasi ilimponyoka ikamwagika zuliani, na wala hakuitazama. "Na wewe wamekupigia?"

Bi Senti aliiokota glasi akaiweka mezani. Alipotoka nje kulikuwa na gari jeupe limeegeshwa ng'ambo ya barabara, vioo juu, injini ikiunguruma. Lilikuwepo alipoingia.

*

Mjane wa Mzee Timazi aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, anayefua nguo za watu kwa ujira, na hata siku hiyo ya msiba mbichi kamba zake zilikuwa zimejaa mashuka ya nyumba ya wageni.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Kaa." Alimvutia kigoda. "Wewe ndiye yule mtu wa hesabu ambaye mume wangu alikuwa anamtafuta?"

"Ndimi. Nimechelewa."

"Umechelewa, ndiyo," mjane alisema, bila hasira. "Lakini umekuja."

Bi Senti alimuuliza habari za kazi ya mumewe, maadui, pombe, madeni. Hakuna. Akamuuliza kama marehemu alikuwa mgonjwa, kama alikuwa anatumia dawa yoyote. Hapo mjane alimtazama kwa makini, akaingia ndani, akarudi na shati la kazi la rangi ya kaki, safi, limepigwa pasi.

"Mochwari walinipa nguo zake kwenye mfuko. Nimelifua mara tatu. Damu ilitoka. Hii imekataa."

Kwenye pindo la mkono wa kushoto kulikuwa na alama za vidole, nyekundu ya kuwaka.

"Damu ilikuwa wapi?"

"Kolani na mgongoni. Mkono huu haukuwa na tone."

"Na alama hizi zilikuwa nyekundu hivi kabla hujatia maji?"

"Zilikuwa nyekundu ndani ya mfuko, zimekauka. Nimefua nguo za mtu wa mafuta miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Naijua hii. Ni dawa ya maji."

Aliingia tena ndani, akatoka na kopo la sukari. Ndani yake, chini ya sukari, mlikuwa na kijitubu kama cha dawa ya meno, kimekamuliwa hadi nusu. Mjane alitia tone moja kwenye kisosi. Lilikuwa la rangi ya haradali. Akachovya kidole kwenye ndoo ya kufulia, akadondosha maji juu yake. Haradali ikageuka damu.

"Inapakwa kwenye utepe," alisema. "Ikikutana na mafuta haibadiliki. Ikikutana na maji, ndiyo hivyo unavyoona. Mwaka jana stoo ya kazini waliacha kuitoa. Wakasema kubana matumizi. Akawa ananunua kwa pesa yake mwenyewe, nami namgombeza kwamba sabuni sina na yeye ananunua takataka za tajiri. Siku ile alitoka nayo moja mfukoni. Haikurudi na nguo."

Bi Senti alikitazama kisosi. Picha za Mkaguzi zilikuwa za kweli. Utepe ulikuwa wa kweli, na magoti yake, na alama ya juu kabisa. Matangi yalikuwa yamejaa. Hakuna aliyeuliza yamejaa nini. Dizeli huelea. Utepe ukipandishwa hupitia tabaka la juu na kutoka umelowa wote, hata kama chini yake ni maji matupu.

Kwa mara ya kwanza aliona waziwazi Mzee Timazi aliuawa kwa sababu gani. Kwa sababu alijua.

"Mama, una mtu wa kwenda kukaa kwake siku mbili tatu?"

"Nina mashuka ya watu kwenye kamba."

"Mama."

Mjane alimtazama usoni, akaona alichokiona, akaanza kuanua mashuka. Gari jeupe lilikuwa linapita mbele ya duka, polepole. Bi Senti alitia kijitubu kwenye soksi yake, akampakia mjane na furushi lake kwenye gari la polisi, akamwambia konstebo aliyekuwa anaendesha apitie njia ya nyuma, wakamwache mjane kituoni.

*

Bohari ya mafuta ilikuwa nje ya mji, matangi kumi na mawili meupe ndani ya uzio wa seng'enge. Walifika saa nane mchana, amri ya mahakama ikiwa bado na joto la mashine. Getini mlinzi alikuwa mpole, tena mwenye sheria zake.

"Simu zote humu kwenye sanduku. Cheche moja tu, mama, sote tunakwenda."

Aliiweka simu yake. Konstebo akaweka yake.

"Na viatu vya usalama. Kwa wageni vipo jozi moja tu leo. Namba thelathini na tisa."

Konstebo alitazama miguu yake, namba arobaini na tano. Mlinzi akatazama pembeni. Bi Senti alielewa kwamba jozi ile ilikuwa imepangwa tangu asubuhi ili aingie peke yake.

"Turudi kesho, Inspekta," Konstebo alinong'ona. "Tuje na watu."

Alitamani. Miguu yake yote miwili ilitamani. Lakini amri ilikuwa imeshasomwa getini, na kati ya leo na kesho wangeweza kufungua mabomba na kuyatoa maji yote mtaroni. "Simamisha gari letu hapa, katikati ya geti," alimwambia. "Gari lolote lisitoke kabla hujaniona mimi kwa macho yako."

Ndani ya uzio, kwenye kivuli cha ofisi, lile gari jeupe lilikuwa limeegeshwa chini ya kibao cha MKUU WA FEDHA.

Mwenyewe alikuja kumpokea na helmeti mkononi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mrefu, anayenukia marashi mepesi. "Karibu sana, dada. Tungependa kukusaidia kwa kila hali. Unaanza na lipi?"

"Namba tisa."

Hakubadilika uso. "La mwisho kule nyuma. Twende."

Mpimaji mpya aliwasubiri chini ya tangi. Alikuwa msaidizi wa Mzee Timazi kwa miaka kumi na miwili, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na hakumwangalia Bi Senti wala bosi wake. Aliangalia ngazi. Ilizunguka tangi kama uzi kwenye kibiringo, vidaraja vya chuma vyenye matundu, na kupitia matundu hayo ardhi ilizidi kwenda mbali. Mpimaji alitangulia. Bi Senti akafuata. Nyuma yake alisikia viatu vya Mkuu wa Fedha, hatua kwa hatua, na alijua kwamba kuanzia kidaraja cha ishirini geti halionekani tena. Wala yeye haonekani getini.

Juu palikuwa na bati la moto, tundu lenye kifuniko, na uzio wa bomba unaofika kiunoni. Kipande kimoja cha uzio kilikuwa kipya, rangi yake ikinata. Mkuu wa Fedha alisimama mbele ya ngazi. Ili kulifikia tundu, Bi Senti alilazimika kukipa mgongo kile kipande kipya.

"Fungua," alimwambia Mpimaji. Kisha akainama, akatoa kijitubu kwenye soksi.

"Hiyo ni nini?" Mkuu wa Fedha aliuliza.

"Dawa."

"Hairuhusiwi kuingiza kemikali kwenye—"

"Soma amri. Kifungu cha tatu. Kipimo chochote nitakachoona kinafaa."

Alipaka tone kwenye timazi na tone moja kila mita ya utepe, moja hadi kumi na tatu. Jasho lilimtoka viganjani mpaka akaogopa litaibadilisha rangi. Mpimaji alishusha. Timazi ikagonga chini, sauti ndogo ya mbali. Ilibidi kusubiri dakika nzima.

"Dada," Mkuu wa Fedha alisema ndani ya dakika hiyo, kwa upole kabisa. "Mama hajambo? Presha yake imeshuka?"

Ile sauti. Bi Senti alilishika bomba la uzio nyuma yake, likacheza. Ndiyo iliyomwamkia shikamoo asubuhi kwenye simu.

"Pandisha," alisema. Haikutoka kama amri. Ilitoka kama mtu anayekohoa.

Utepe ulianza kupanda, umelowa dizeli, unang'aa. Mita ya kumi na tatu, haradali. Ya kumi na mbili, haradali. Ya kumi na moja ikatoka kwenye tundu ikiwa nyekundu ya kuwaka.

Alihesabu kwa sauti, kwa sababu asingehesabu angepiga kelele. "Nyekundu moja. Nyekundu mbili. Nyekundu tatu." Mpimaji alivuta, na matone yakaja moja baada ya jingine hadi timazi yenyewe. Mita moja na ushee ya dizeli, ikielea juu ya mita kumi na moja za maji.

 Upepo ulikuwa unapiga kifuniko cha tundu.

"Mpimaji," Mkuu wa Fedha alisema, macho yakiwa kwa Bi Senti. "Shuka ofisini. Kalete karatasi za kipimo."

Mpimaji hakujongea.

"Nimesema shuka."

"Sishuki, bosi."

"Unasemaje?"

"Sishuki." Alikuwa amelishika bomba la uzio kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye mvi za kidevu. "Siku ile uliniambia nishuke nikalete karatasi. Nikashuka. Leo hata uniue hapa hapa, sishuki."

Mkuu wa Fedha aliwatazama, mmoja kisha mwingine. Bi Senti aliona kabisa anapiga hesabu, na aliifuata hesabu hiyo usoni mwake mpaka mwisho. Mmoja angeweza kuteleza. Wawili kwa siku moja, kwenye tangi moja, hapana.

"Tangulia wewe," Bi Senti alimwambia.

Alivaa helmeti yake vizuri, akageuka, akashuka. Walisikiliza viatu vyake kwenye vidaraja, kwanza taratibu, halafu mbio. Kisha mlango wa gari. Waliliona paa jeupe likichomoka kati ya matangi na kupotea upande wa geti, wakasikia breki, honi ndefu, na baada yake sauti ya Konstebo ikifoka kwamba hapa hapiti mtu mpaka amwone Inspekta kwa macho yake.

 Bi Senti alikaa chini kwenye bati la moto, na Mpimaji akakaa naye. Hakuna kati yao aliyeweza kushuka ngazi ile kwa wakati huo. Bi Senti alitoa daftari. Mstari wa kwanza aliouandika haukusomeka, akaukata, akaandika wa pili.

"Ulipoambiwa ushuke, ulifika wapi?"

"Kidaraja cha kumi. Labda cha kumi na mbili."

"Ulisikia nini?"

Mpimaji alijipangusa uso kwa mkono wenye dizeli. "Nilimsikia Mzee anavuta utepe. Alikuwa anahesabu kwa sauti, kama ulivyohesabu wewe. Nyekundu moja, nyekundu mbili."

"Alifika ngapi?"

"Sita," alisema. "Mimi niliendelea kushuka, nangoja aseme saba."